Kicheko Changu Kando ya Shimo

Mwanangu, iko siku moja ya majira ya mvua ninayoikumbuka kuliko hata siku ya ndoa yangu, na laiti ningeweza kusema ninaikumbuka kwa heri. Vijana wengi mnanijia mkiuliza ni dua gani niliyoisoma hadi nikatulia namna hii. Mnaniona nimekaa kimya barazani kwangu hapa Kolwezi kila baada ya sala ya alfajiri, mnadhani huo ni utulivu wa mtu aliyebarikiwa. Sivyo. Kaa, nikueleze utulivu huu ulikotoka, kisha uamue mwenyewe kama bado unautaka.

Baba yetu alikuwa mtu wa Kasongo, kule Maniema. Alifika huku akiwa na lori moja kuukuu, na alipofariki, lori lile likawa mikononi mwangu kwa kuwa mimi, Idi, ndiye niliyekuwa mkubwa. Nyuma yangu alikuwa mdogo wangu mmoja tu, Ramazani, mwenye miaka kumi na tisa. Alikuwa mtoto mpole, mwenye sauti nzuri ya kusoma Kurani. Mama yetu, Mama Mwamini, alipenda kumsikiliza jioni akitwanga sombe, majani ya muhogo, na mara nyingine mchi ulisimama hewani mpaka aya iishe. Ramazani aliogopa mahali penye kina. Hata kisima cha jirani alikuwa hakiinamii. Tulilijua hilo sote nyumbani, na mimi nililijua kuliko wote, kwa sababu tulilala chumba kimoja tangu utoto.

Kazi yangu ilikuwa kupeleka wachimbaji wa mikono kwenye mashimo asubuhi, kisha kurudi na magunia ya madini. Ramazani nilimchukua awe anapanga magunia juu, nje ya shimo. Kushuka haikuwa kazi yake. Mama alimruhusu kwa sharti hilo, nami niliitikia.

Siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo na ndiyo kwanza ilikuwa imekatika. Mchimbaji mmoja alikuwa na homa, hakuja, basi mkuu wa timu akamwambia Ramazani ashuke achukue nafasi yake. Ramazani alimwacha hapo. Alikuja hadi dirishani kwangu, nilipokuwa nimekaa nyuma ya usukani, akaweka mkono juu ya mlango wa lori.

“Yaya,” aliniambia polepole, kama tunavyomwita kaka mkubwa, “udongo ya mule mu shimo iko naanguka kidogo kidogo. Mi nasikia. Turudi ku nyumba, tutakuja kesho.”

Wanaume walikuwa wamesimama karibu, wanatusikiliza. Mwanangu, ningekuwa peke yangu na ndugu yangu, nadhani ningewasha lori tukaenda. Lakini walikuwa wananitazama, nami niliona haya kuwa kaka wa mwoga. Basi nikacheka. Nilimwambia kwa sauti ya kusikika na wote, “Kama unaogopa, enda uvae kikwembe ya mama, ubakie naye ku jiko.”

Wakacheka nao. Ramazani hakukasirika. Alitabasamu kama mtu aliyevuliwa nguo mbele za watu, akaondoa mkono wake mlangoni, akaomba tochi, akaifunga kichwani. Alishuka wa mwisho.

Hata saa haikupita, shimo likaporomoka. Usifikiri kulikuwa na kishindo. Ilisikika kama gunia limeangushwa ndani ya nyumba ya jirani, basi. Walikuwa wanne chini. Mmoja tulimtoa akiwa hai, mguu umevunjika. Ramazani tulimfikia siku ya tatu.

Hadi hapo lilikuwa kosa la kijana, na makosa ya vijana yako mengi. Kibaya zaidi nilikifanya mlangoni kwa mama. Alitoka nje, akanitazama, akauliza kitu kimoja tu: nani alimshusha mtoto wangu? Sikufikiri. Ulimi ulitangulia. “Nilimukataza, mama,” nilisema. “Hakusikia.”

Ndivyo nilivyomsingizia maiti, naye hakuwa na kinywa cha kujitetea. Wale waliosikia kicheko changu kule juu hawakusema neno, kwa maana nao walikuwa wamecheka.

Mzee Sefu ndiye aliyemwosha. Huyo alikuwa mwosha maiti wa msikiti wetu, mzee mrefu, mchache wa maneno, aliyekuwa zamani karani wa stesheni ya reli. Aliniita niingie nishike maji. Sikuweza. Nilisimama mlangoni hadi akamaliza.

Baada ya mazishi, raha ilinitoka. Nilikuwa siwezi kukaa peke yangu hata kwa muda wa kunywa chai. Ndani ya lori niliwasha redio tangu naondoka hadi narudi, hata pale isiposhika chochote ila mkwaruzo. Nikaanza kutafuta amani kama mtu anayetafuta dawa ya jino. Nilikuwa wa kwanza kufika msikitini na wa mwisho kutoka. Nilifunga Jumatatu na Alhamisi. Nilikwenda Tenke kwa mama mmoja aliyesifiwa kwa mitishamba, akanipa majani ya kuogea siku saba, nikaoga. Rafiki yangu Mkristo alinikaribisha kwenye maombi yao, nikaenda, nikalia pamoja nao, nikarudi nyumbani mzigo ukiwa palepale. Watu walianza kunisifu. Walisema kifo cha ndugu kimemrudisha Idi kwa Mungu. Kila sifa iliniingia kama mwiba.

Na mama? Mama alikuwa na msiba wa namna mbili. Alimlilia Ramazani, na alimkasirikia. Tulipokusanyika kumsomea hitima ya mwaka, jirani mmoja alimsifu marehemu kwa utiifu wake. Mama akasema, mbele ya wote, kwamba mtoto mtiifu hashuki shimoni akikatazwa na kaka yake. Akainuka akaenda jikoni. Nami nilikuwa nimekaa pale na juzuu mkononi, nikaendelea kusoma.

Siku chache baadaye, tulipomaliza sala ya adhuhuri, Mzee Sefu alinishika mkono wakati wengine wakitoka. Tukabaki wawili. Aliniuliza ninaomba nini siku zote hizo nikikaa nyuma ya wenzangu. Nikamjibu kwamba ninaomba amani.

Akaniambia maneno ambayo hadi leo nayasikia kwa sauti yake. “Mi naosha maiti kuanzia zamani, tata. Mwenye kuwa na huzuni anaingia kuosha ndugu yake. Mwenye kuwa na woga, njo anasimama ku mulango. Weye ulisimama ku mulango. Mi sikuulize ulifanya nini. Lakini hapa unakuyaka kusali na kinywa tu, na ule muntu mwenye alifanya ile kintu unamuachaka inje. Mungu atamupatia nani amani?”

Nilitaka kukasirika. Badala yake nikakaa tena mkekani.

Akanifundisha jambo moja, na ndilo hilo mnaloliona barazani. Alisema baada ya alfajiri nisiinuke upesi. Nikae kwa muda wa makaa kushika moto. Katika muda huo nisimwombe Mungu chochote. Nijiulize tu: jana nimesema nini, nimemuumiza nani, ninakimbia nini? Na nijijibu bila avoka, alisema, maana kila mtu ana mwanasheria wake moyoni anayemtetea kabla hajashtakiwa.

Nilidhani ni jambo dogo. Mwanangu, kukaa huko kulikuwa kugumu kuliko kupakia magunia. Siku za kwanza niliinuka kabla makaa hayajashika. Nilijikuta ninafikiria matairi, bei ya mafuta, ugomvi wa watu wengine. Yule mwanasheria alikuwa hodari kweli: aliniambia mkuu wa timu ndiye aliyeagiza, mvua ndiyo iliyolegeza udongo, na ajali ni ajali. Kisha asubuhi moja alinyamaza. Nikasikia kicheko changu. Nilikisikia kama kinavyosikika na mtu aliyechekwa, nikauona na ule mkono ukiondoka mlangoni. Niliinama juu ya mkeka hadi jua likatoka, na kama ungeniuliza asubuhi hiyo kuhusu amani, ningekuambia ni heri ningebaki na redio.

Baada ya hapo sikuwa tena na shaka juu ya nilichopaswa kufanya. Nilijua. Lakini niliahirisha. Nilisema nitamwambia mama baada ya Ramadhani, halafu baada ya sikukuu ya Idi, halafu atakapopona kifua. Mzee Sefu hakuniuliza hata siku moja. Karibu mwaka mzima ukapita tena hivyo, mama akiendelea kumnunia mtoto aliye kaburini kwa kosa langu. Katika hayo yote niliyoyafanya, kuchelewa huko ndiko kunakoniuma zaidi sasa.

Nilimwambia mchana, uani, akiwa anachambua mchele. Nilipiga magoti nikasema yote: mkono mlangoni, neno la kikwembe, wanaume waliocheka, na uongo niliomwambia. Mama hakulia. Aliendelea kuchambua kwa kitambo, kisha vidole vikasimama ndani ya ungo.

“Myaka mbili,” alisema, “myaka mbili nimemukasirikia mutoto yangu. Na ye alikufa juu ya kukusikia weye.”

Akaniomba niondoke mbele yake. Tangu jioni ile alimwombea Ramazani kila siku, kwa jina, na alipomaliza alikuwa anamwomba radhi kwa sauti ya chini, kama mtu anayezungumza na aliyelala. Nilimsikia nikiwa upande wa pili wa ukuta.

Mimi hakunifukuza. Alinipikia bukari, ugali wetu, alifua nguo zangu, alinijibu salamu. Lakini hakuniita tena mwanangu. Aliniita Tata Idi, yaani Bwana Idi, kwa heshima, kama anavyoitwa mgeni aliyekuja kuuliza njia. Niliacha kazi ya mashimo nikabeba mahindi na makaa kutoka Mutshatsha, nikidhani labda ataona. Aliona. Alinishukuru, akiniita Tata Idi.

Tuliishi hivyo miaka minne. Alipougua ugonjwa wa mwisho, nilikaa kando ya kitanda chake nikamwomba msamaha tena, safari hii bila kujieleza. Alinitazama muda mrefu. Hakuwa na chuki usoni, na hilo ndilo lililonivunja.

“Naombaka Mungu anipatie huo musamaha, nikupatie,” alisema. “Kila siku naomba. Haiyafika.”

Alifariki wiki hiyo. Sijui kama ulifika katika zile siku zake za mwisho, alipokuwa hawezi tena kusema. Nimejiuliza hilo asubuhi nyingi kuliko unavyoweza kufikiri. Safari hii nilibeba maji hadi mlango wa chumba walimokuwamo wanawake wakimwosha, nikakaa chini hapo nje kwa sababu sheria haikuniruhusu kupita zaidi. Mzee Sefu alikuwa amekwisha kuwa dhaifu, anatembea kwa kushikwa. Alikuja akakaa karibu yangu. Naye tulimzika mwaka uliofuata.

Sasa mnaniona nimetulia. Ndiyo, ninaweza kukaa peke yangu. Ninaweza kuendesha kutoka hapa hadi Mutshatsha bila sauti yoyote ila injini. Hiyo ndiyo amani ninayoijua: kwamba aliye ndani na aliye nje ni mtu mmoja, na mtu huyo ninamjua, hata kama simpendi. Haikunirudishia ndugu yangu. Haikunipa neno la mama. Ziko asubuhi ambazo ninakaa na hakuna chochote kinachokuja ila aibu ileile, nami nainuka nayo, naenda kazini nayo.

Kwa hiyo, mwanangu, usinunue amani kwa mtu anayekuahidi siku saba, na usiifiche dhambi yako nyuma ya sala ndefu. Sali, ndiyo, lakini kaa kidogo kila siku ukijitazama kabla ya kumwomba Mungu akutazame. Fanya hivyo hata siku ambayo hujisikii, hasa siku hiyo. Moyo wako ukikuonyesha mtu uliyemuumiza, mwendee wiki hiyohiyo. Usingoje apone, usingoje sikukuu. Ukifika, sema ulichofanya, usimtaje mwingine. Akikusamehe, shukuru. Asipokusamehe, usimdai, kwa maana pengine anautafuta huo msamaha na hajaupata. Wewe rudi kesho yake ukae tena.

Mwenyezi Mungu akupe moyo unaoweza kukaa nao chumba kimoja. Akujalie mtu wa kukuambia ukweli ungali kijana, na miguu ya kwenda unapoambiwa. Na wale uliowakosea, awape umri hadi uwafikie. Amina.