Siku Niliyoifuta Shikamoo

Nilipangiwa Zombo miaka ile ya vijiji vya ujamaa, mwalimu wa miaka ishirini, kwetu mbali huko milimani. Kijiji kizima nilikuwa na mtu mmoja tu wa kunijali: bibi wa nyumba ya jirani, mjane aliyeishi peke yake kama mimi. Kila asubuhi nilipita kwake nikienda shuleni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umekula?"

Hata nikiwa na njaa nilijibu nimekula, na siku yangu ikaanza vizuri.

Alasiri nilifundisha watu wazima kusoma, na bibi alikaa mstari wa mbele. Siku moja somo lilikuwa katiba. Nikaeleza kwamba mbele ya sheria watu wote ni sawa, na kila mtu anastahili heshima. Baba mmoja mbishi akauliza, "Kama tuko sawa, mwalimu, shikamoo ya nini?"

Kushindwa mbele ya darasa sikupenda. Nikatangaza kuwa kuanzia siku hiyo tutaitana ndugu, shikamoo basi. Wakapiga makofi. Nilirudi nyumbani kichwa kimevimba, ungedhani uhuru nimeuleta mimi.

Kesho yake bibi alikuwa anapepeta mahindi. Salamu ilinifika mdomoni, nikakumbuka wanafunzi wangu waliokuwa wakipita njiani.

"Habari za asubuhi, ndugu."

Akainua macho, akanitazama kidogo. "Nzuri, ndugu." Akaendelea kupepeta.

Hakuniuliza kama nimekula, siku hiyo wala zilizofuata. Hakununa. Darasani alikuja, akajifunza hata kuandika jina lake, ila mjukuu sikuwa tena. Miezi ikapita. Nilikula ugali wangu nikitazama ukuta, na upweke uliniuma kweli, lakini kiburi hakikuniruhusu kuirudisha ile salamu. Katiba haikuwa na kosa. Aliyemnyima mtu heshima yake ni mimi, tena kwa jina la usawa.

Kisha nikahamishiwa Mikumi. Lori lilikuja asubuhi, mzigo wangu ukapakiwa, nikapanda, dereva akapiga honi. Nikateremka, nikakimbia hadi kwa bibi.

"Shikamoo, bibi."

Akaweka ungo chini. "Marahaba." Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Mbona umechelewa hivi, mjukuu wangu? Umekula?"

Kwa mara ya kwanza nikamwambia ukweli, kwamba sijala. Honi ikalia tena.