Mshenga wa Mzee Mwita

Mzee Mwita alipohama Isipingo kwenda Morningside, mtaa wa mlimani hapa Durban, hakulalamikia nauli wala umbali wa kwenda kazini Mobeni, ambako ni mtunza stoo wa ghala la matairi. Alilalamikia jambo moja tu: kule mlimani hakuwa na mtu wa kumkaba.

Ana miaka hamsini na saba. Mkewe, Mama Matilda, alipata kazi ya kumuuguza bibi mmoja mtu mzima sana, kazi yenye chumba cha uani, na mume akakifuata chumba. Mahali pa kulala palipatikana siku ileile. Mahali pa kupigana ndipo palipotutoa jasho, na nasema "palipotutoa" kwa sababu mzigo ule niliubeba mimi, Nasibu, nikiwa na akili zangu timamu.

Nieleze kwanza, maana wapo wanaodhani jujitsu ya Kibrazili ni aina ya ngoma. Ni mieleka ya sakafuni. Watu wawili wanavaa kimono kizito na mkanda, wanaangushana, wanaviringishana, mwisho mmoja anamkaba mwenzake shingo au anampinda mkono. Aliyezidiwa anagonga kwa kiganja mara mbili, mkekani au mwilini mwa mwenzake, maana yake nimeshindwa, niachie. Akigonga anaachiwa papo hapo. Mchezo mzima umesimama juu ya ukweli wa kiganja hicho.

Sisi wa Isipingo viganja vyetu vilikuwa na adabu kuliko ukweli.

Tulikuwa watu tisa katika ukumbi wa kanisa, juu ya magodoro tuliyoyashonea turubai. Mwalimu wetu alikuwa Ephraim, Mkongomani mpole mwenye mkanda wa kahawia. Mzee Mwita alijiunga akiwa na miaka hamsini na tatu, na shida ilianza hapo hapo, kwa kuwa nusu yetu ndiye aliyetupokea tulipofika nchi hii. Alitulaza sebuleni kwake, akatutafutia vibarua. Mimi binafsi nimekula ugali wake miezi mitano. Sasa niambie, mtu kama huyo unamkabaje? Tena mimi nimelelewa Tanga. Kwetu ukimkanyaga mkubwa unaomba radhi kwanza, mguu unautoa baadaye.

Kwa hiyo tulimgongea. Hakuna aliyeitisha kikao, ilitokea tu. Mzee akipitisha mkono shingoni mwangu, kabla hajakaza, nami nimeshagonga.

"Sijakaba bado," alikuwa akisema.

"Umekaba, mzee. Hujui tu nguvu zako."

Ananitazama kidogo, kisha anainuka. Miaka minne tulisema maneno hayo hayo kila Jumanne na kila Alhamisi, na mimi nikidhani ni utani wetu. Mcheza kwao hutunzwa, nasi tulimtunza mpaka Ephraim alipopata safari ya kuhamia Kanada. Siku ya kumuaga tulipika wali na mbuzi, na Ephraim akamfunga mzee mkanda wa buluu, daraja la kwanza baada ya mweupe, mbele ya watu. Mama Matilda alipiga vigelegele. Mimi nilipiga makofi huku nikiuhofia, kwa sababu mkanda haukai mahali pamoja. Mtu akitoka nao kwao, akakutana na wasiomjua, watamkaba kwelikweli na mambo yatajulikana.

Basi alipoondoka Isipingo nilijua saa imefika. Alinipigia simu.

"Nasibu, Jumamosi nisindikize nikatafute jimu. Mtu haendi kuposa peke yake."

Nikawa mshenga. Yeye alitafuta jimu nzuri. Mimi nilitafuta jimu ambayo haitamwambia ukweli, na sikuona aibu hata kidogo. Nilijiona mlinzi wa heshima ya mtu.

Ya kwanza ilikuwa palepale Morningside, ya vioo kuanzia sakafuni hadi darini, na mashine ya kahawa kubwa kuliko jiko la Mama Matilda. Pale wanajitazama wakipigana, na wasiopigana wanawapiga picha wanaojitazama. Nilitangulia dakika kumi, kama inavyompasa mshenga, nikamvuta mwalimu pembeni. Nikamwambia mzee wangu ni hodari ila ana historia ya moyo. Mzee Mwita hana historia ya moyo. Ana historia ya kubeba matairi ya malori. Mwalimu akabadilika rangi, akaleta fomu ya kurasa nne, kisha akamchagulia vijana wawili wapole waliomshika kama trei ya mayai. Waligonga mara tatu kwa zamu. Mmoja aligonga mzee alipokuwa anakohoa.

Tukatoka na ushindi. Tuliposimama kwenye robot, taa za barabarani, kusubiri kuvuka, nikamuuliza ameionaje.

"Vioo vingi," akasema. "Sipataki."

Ya pili ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vigae. Huko walituita familia kabla hawajayajua majina yetu, na ukutani kulikuwa na picha za watu saba unaowainamishia kichwa mmoja baada ya mwingine, hivyo mpaka salamu ziishe miguu imekufa ganzi. Hadithi ya moyo niliiona imechosha. Safari hii nilisema kwamba mzee ni chifu kwao. Nilisahau kwamba huku ni nchi ya Wazulu na chifu si neno la kuchezea. Vijana wakamwita Baba, wakampa mkono kwa mikono miwili, na kijana mmoja mwenye kifua kama friji alipowekwa mbele yake alijilaza chini mwenyewe. Waligonga mara nne ndani ya dakika kumi.

"Mikeka inanuka," mzee akasema tulipokuwa tunashuka ngazi.

"Inanuka lavenda, mzee. Wanaipangusa kwa dawa."

"Hiyo hiyo."

Hapo nilikasirika, nakiri. Jimu mbili, ushindi mara saba, na bado mtu anakunja uso. Mchagua jembe si mkulima. Nilikwenda kumsemea kwa Mama Matilda aliyekuwa jikoni akimpondea bibi yake viazi.

"Mama, mzee anataka nini hasa?"

"Iko kitu anakitafuta," akasema. Miaka mingi ya kuishi na majirani wa Kikongo imemharibia Kiswahili cha Musoma. "Ule mkanda ameufua mara tatu tangu tuhame, na havai. Muulize."

Sikumuuliza. Kwetu mkubwa haulizwi. Na ni kweli, kule ghorofani mkanda ulibaki kwenye begi, akafunga mweupe wa kuazima. Nilidhani ni unyenyekevu, nikamsifu moyoni.

Ya tatu hakuitafuta mtu. Mzee alipeleka suruali ikapunguzwe kwa fundi mmoja wa Overport, akamwona fundi ana masikio yaliyovimba na kukunjamana, alama isiyofutika ya mtu aliyesuguliwa na mikeka maisha yake yote. Wakaulizana. Nyuma ya duka kulikuwa na gereji, na gerejini mikeka.

Fundi anaitwa Urbain, mtu wa Bukavu. Alianza na judo kwao akiwa mwanafunzi, akamalizia na jujitsu hapa Durban. Mkanda wake mweusi umechakaa hadi umekuwa rangi ya panya, jambo la ajabu kwa mtu mwenye cherehani tatu. Siku tulipokwenda nilitangulia dakika zangu kumi. Nilimkuta anapiga pasi koti la harusi.

"Shikamoo, Papa Urbain. Huyu ninayemleta ni mtu mzima, ana heshima zake."

"Iko na miaka ngapi?"

"Hamsini na saba."

"Fifty-seven?" Hakuinua macho kwenye pasi. "Ile iko mutoto. Mie niko na sixty-four."

Nilipoteza mwelekeo. Silaha yangu yote ilikuwa umri, na mtu huyu alikuwa nao mwingi kuliko wetu. Nikautoa ule moyo.

"Ana shida ya moyo pia."

"Yangu walishaipasua, wakaishona. Walishona mubaya, mie ningeshona muzuri."

"Na kwao ni chifu," nikasema, sauti imeanza kuniishia.

Urbain akaweka pasi chini, akanitazama kama mtu anayemtazama mteja aliyeleta kitambaa pungufu. "Bon. Kuna ingine?"

Haikuwepo nyingine. Mzee Mwita aliingia, akamwona, akainamisha kichwa na kusema, "Shikamoo." Miaka yote niliyomjua neno hilo lilikuwa likimwingia masikioni tu. Sikuwahi kuliona likimtoka. Akaukunja mkanda wa buluu, akauweka juu ya meza ya kukatia nguo, akajifunga kiunoni utepe wa kitambaa aliouokota palepale.

Urbain alimwangusha kabla sijapata pa kukaa. Halafu akamkaba, bila haraka, kama anavyopima kola ya shati. Mzee alikataa kugonga, uso ukaiva, nikanyanyuka niingilie. Akagonga. Wakaanza upya. Akapindwa mkono, akagonga. Akawekewa goti tumboni, akagonga. Kila kofi lile lilipolia mkekani mimi nilifumba macho na kuwaza nitamwambia nini Mama Matilda. Mwisho mzee akalala chali katikati ya gereji akihema, na nikasikia anacheka, kicheko cha taratibu cha mtu aliyevua kiatu kilichombana kutwa.

Akaja kukaa karibu yangu. Shingo nyekundu, sikio limevimba.

"Hapa ndipo," akasema.

"Mzee, amekugongesha mara sita."

"Saba. Moja nilimgonga begani, nawe ulifumba macho." Akajifuta jasho. "Nasibu, ulidhani sijui?"

Nikainama kufunga kamba za viatu.

"Mimi ni mtu wa stoo. Boksi tupu nalijua nikilinyanyua tu, sihitaji kulifungua. Miaka minne nakwambia sijakaba, wewe unaniambia sijui nguvu zangu. Huko kwenye vioo umewaambia nini, sijui. Kwenye ngazi umewaambia nini, sijui. Nilitoka nimeshinda, na usiku sikulala." Alionyesha mezani kwa kidevu. "Mkanda ule mpaka leo sijui ni wangu au ni wa ugali wangu."

Nikasema lile pekee lililokuja mdomoni. "Ilikuwa adabu, mzee."

"Adabu?" Urbain alikuwa amesimama nyuma yetu, anakunywa maji. "Weye unacheza pia?"

"Nacheza."

"Iko na miaka ngapi?"

"Twenty-nine."

"Bon. Vaa kimono."

Kwa kweli nilifurahi. Nilijiambia kwamba sasa nitapigana kiume, nipigwe kama mzee alivyopigwa, deni liishe. Pembeni kulikuwa na wanafunzi wanne wakipasha misuli: Larissa anayesuka nywele saluni ya jirani, Innocent wa duka la simu, na ndugu wawili wa Kihindi wa mtaa uleule. Urbain akawakusanya, akawaongelesha kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza, ili asibaki asiyesikia.

"Uyu ni muntu mukubwa," akasema. "Moyo yake iko na shida. Na kwabo iko chifu. Muende naye pole pole."

Nilitaka kucheka. Hakuna aliyecheka.

Larissa hafiki kilo hamsini, lakini ana vidole vya mtu anayesuka rasta tangu asubuhi, na nilipomshika kola nilijua angeweza kuning'oa mkono akitaka. Akaanguka chini kabla sijamsukuma. Nikapitisha mkono shingoni, akagonga. "Pole, papa," akasema kwa heshima kubwa. Innocent akanipa mgongo mwenyewe, akagonga. Ndugu mmoja wa Kihindi akagonga nilipokuwa bado najifunga mkanda, akaniita uncle. Niliongeza nguvu, nikawakamata kwa hasira, nikawabana kusudi wanibane. Ni kama kusukuma mlango uliokwishafunguliwa. Walinitabasamia wote. Nilikuwa nimeshinda mara tano, na tangu nizaliwe sijawahi kujisikia mdogo kiasi kile. Nilitaka mtu mmoja tu anitendee kama mtu mzima, aniumize.

"Wa mwisho," Urbain akasema.

Mzee Mwita akainuka, akaukaza utepe wake kiunoni, akapiga magoti mbele yangu. Nilishukuru Mungu. Huyu ananijua, nikawaza, huyu hataniacha hivi. Nikamshika kola kwa mikono yote miwili, nikamvuta chini, nikapitisha mkono chini ya kidevu chake. Niliisikia shingo yake, nene, imara, haijaanza hata kujitetea.

Akagonga begani mwangu mara mbili, taratibu, kwa adabu zote.

"Mzee," nikasema, "sijakaba bado."

"Umekaba, mwanangu," akasema. "Hujui tu nguvu zako."