Kituo Nilichokihamisha kwa Kalamu

Mwanzoni mwa miaka ya themanini nilikuwa katibu wa kijiji chetu, mwendo wa saa nzima kwa miguu kutoka Karatu mjini, upande wa kwenda Ngorongoro. Karatu ilikuwa imeanza kupanuka. Maduka yaliongezeka, mnada ulijaa, na kila mtu wa pembeni alitaka kufika huko bila kubeba mzigo kichwani. Kwa hiyo tulipoambiwa kwamba basi la Arusha halitaishia tena mjini, bali litapita kwetu mara tatu kwa wiki na siku ya Alhamisi liendelee hadi Endulen, tulifurahi kama watu walioletewa mvua.

Kulikuwa na sharti moja. Mafuta ya gari yalikuwa ya kubahatisha, hivyo basi lingesimama mahali pamoja tu kijijini, nasi tuchague wapi. Tukakutana darasani siku ya Jumapili baada ya ibada.

Kijiji chetu kilikatwa na korongo. Upande wa chini kulikuwa na barabara kuu na nyumba chache, mojawapo ikiwa hoteli ya chai ya kaka yangu. Upande wa juu kulikuwa na kanisa, na watu wengi waliishi huko. Gari liliweza kuzunguka hadi kanisani kwa njia ya nyuma. Mwenda kwa miguu alishuka korongoni na kupanda ng'ambo.

Aliyesema vizuri zaidi siku ile alikuwa fundi cherehani wa upande wa juu, mama mmoja aliyekuwa mjane, aliyeshona sare za shule na kuzipeleka Karatu. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umepooza tangu utotoni. Alisimama akiegemea fimbo.

"Ndugu mwenyekiti, msidhani nasema kwa ajili ya mguu wangu tu," alisema. "Wajawazito wako huku juu. Wazee wako huku juu. Basi likija kanisani, hakuna mtu atakayevuka korongo akiwa mgonjwa."

Watu wakanyoosha mikono karibu wote. Nikaandika: kituo kiwe kanisani.

Jioni kaka yangu alikuja nyumbani. Baba alipofariki, ndiye aliyenilea na kunisomesha, akavaa viatu vilivyotoboka ili mimi nipate vya shule. Hakupandisha sauti.

"Nimejenga hoteli ile kwa kutegemea barabara," alisema. "Basi likipinda kwenda kanisani, nani atakunywa chai yangu?"

"Mkutano umeshaamua, kaka."

"Mkutano umesema. Anayeandika ni wewe."

Asubuhi nilinakili muhtasari upya kwa mwandiko safi. Niliandika kwamba wanakijiji wameafikiana kituo kiwe barabarani. Nikagonga muhuri na kuupeleka mwenyewe kwa wenye basi mjini. Basi lilipokuja na kusimama mbele ya hoteli ya kaka, watu waliniuliza. Niliwajibu kwamba wenye basi wameikataa njia ya kanisani kwa sababu ya matope. Waliamini. Miaka ile tulikuwa tumezoea kuambiwa kwamba jambo fulani halikuwezekana.

Kiangazi kikapita bila shida. Masika yalipofika, udongo wetu mwekundu ukawa utelezi mtupu. Alhamisi moja asubuhi nilisikia watu wakiitana korongoni. Nikakimbia. Yule fundi alikuwa amelala chini, bado amekumbatia furushi la sare, na mguu wake wa kulia, ule mzima, ulikuwa umepinda chini ya goti.

Tulimlaza juu ya kitanda cha kamba tukampandisha hadi barabarani. Basi lililokuja kwanza lilikuwa la kwenda Endulen, kwenye hospitali ya misheni, nikapanda naye. Mzee mmoja wa Kimasai aliyekuwa akirudi Kakesio aliondoka kwenye kiti kirefu cha nyuma bila kuombwa. "Mama alale hapa," alisema, akasimama safari yote akishikilia mguu ule usitikisike. Huko juu, ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, ukungu ulikuwa mzito na dereva alikwenda polepole. Kila basi lilipodunda, fundi aliuma kanga yake. Mara moja alinitazama, akasema, "Asante, katibu, kwa kuacha kazi zako kwa ajili yangu." Nikageukia dirishani, ingawa nje hapakuonekana kitu.

Mguu uliunga vibaya. Ndio uliokuwa ukisukuma pedali ya cherehani. Aliporudi alinunua cherehani ndogo ya mkono, akawa anazungusha kwa mkono mmoja na kuongoza kitambaa kwa mwingine. Alipokuwa akishona sare nne, sasa alishona moja.

Mwaka uliofuata nilihimiza watu tujenge daraja la mawe na magogo pale korongoni. Nilibeba mawe kuliko yeyote. Kuhamisha kituo hakukuwezekana tena, kwa maana mashine ya kusaga na maduka matatu yalikuwa yameshajengwa kukizunguka. Daraja lilipokamilika walinisifu. Nikashindwa kula, nikaenda kwa fundi.

"Mama," nilisema, "wenye basi hawakukataa. Mimi ndiye niliyebadilisha maandishi."

Aliendelea kuzungusha cherehani mpaka mwisho wa mshono, akakata uzi kwa meno.

"Najua. Nilimuuliza dereva siku ile ile ya kwanza."

"Mbona hukusema?"

"Nimwambie nani? Barua zote za kijiji zinapita kwako." Aliikunja sare magotini. "Usiniombe radhi mimi peke yangu. Jumapili kuna mkutano. Waambie wenyewe."

Nilimwahidi. Jumapili alikuja, akaketi benchi la nyuma, fimbo mbili kando yake. Tulizungumzia mbegu, tukazungumzia choo cha shule. Kaka yangu alikuwa mstari wa mbele. Ajenda zilipokwisha, mwenyekiti akauliza kama kuna mtu mwenye jambo jingine. Nilihisi macho ya yule mama. Nikainamisha kichwa, na mbele ya neno "Mengineyo" nikaandika: Hakuna.

Baadaye alihamia Mbulu kwa dada yake. Nilimbebea cherehani mpaka kituoni. Alinishukuru kwa adabu, kama anavyoshukuriwa mpagazi, akapanda. Kaka yangu alifariki akiwa ameongeza vyumba vya kulala wageni. Leo pale ni stendi, na vijana wakiniuliza nani aliyechagua mahali pazuri namna ile, mke wangu hunijibia kwa fahari kwamba ni kijiji kizima. Sijamwambia hata yeye.