Kaseti Niliyoivunja Meno

Katika kibanda changu cha kutengenezea redio, pale Kibaoni, nilikuwa na visanduku ambavyo mteja hakuruhusiwa kuvigusa. Niliviunda kwa transista na kapasita za redio zilizokufa, kila kimoja ndani ya kopo lake. Kimoja kilitoa mlio, cha pili kiliukatakata, cha tatu kiliutetemesha. Niliviunganisha kwa waya, na kila nilipohamisha waya, mlio uligeuka kuwa kitu kingine. Miaka mingi baadaye niliambiwa kwamba Ulaya mashine za namna hiyo zinaitwa sinthesaiza, na wanaozipiga wanaheshimiwa. Mimi Ifakara niliulizwa kama kichwa kiko sawa.

Vipande vyangu vilikuwa vifupi kwa sababu visanduku vikipata joto mlio ulianza kwenda ovyo. Na ukishachomoa waya, basi. Sikuwahi kuupata tena mlio uleule hata nilipochomeka kila kitu palepale. Kwa hiyo nilirekodi papo hapo kwenye kaseti moja, na ilipojaa nikaivunja meno, vile vipande viwili vya plastiki mgongoni, ili redio yoyote ikatae kurekodi juu yake.

Kaka yangu, mwenyekiti wa kwaya ya kigango, aliita kazi ile kelele za vyura. Aliyesikiliza ni mama peke yake. Alikuja na ungo wake, akakaa mlangoni akipepeta mchele, na kipande kikimchosha alisema wazi kwamba hicho hapana. Siku moja, kaseti ikiwa bado haijajaa, nikamwekea kipaza sauti karibu na magoti. Nikaipitisha sauti ya ungo, pamoja na yake mwenyewe akiimba kwa chini wimbo wa Kipogoro wa kubembelezea watoto, katika kile kisanduku cha kutetemesha. Alipojisikia alicheka mpaka mchele ukamwagika.

"Hii usiifute, mwanangu," akasema. "Humu nimo kweli."

Alifariki wakati wa masika, mto umefurika na kivuko kimesimama. Ndugu zetu wa Mahenge hawakuweza kuvuka. Siku hizo kwetu, ndugu aliyekosa kuzika alirekodiwa mazishi: misa, kwaya, maneno ya ukoo, hata vilio, kisha akapelekewa kaseti naye alie huko kwake. Kaka ndiye aliyelibeba jambo hilo. Mimi nilikuwa makaburini na wachimbaji. Aliingia kibandani kwangu, akachukua kaseti ya kwanza aliyoiona, na alipokuta haina meno alifanya kile ambacho kila mtu Ifakara alijua kukifanya. Alikunja vikaratasi, akaziba matundu, akabonyeza kitufe cha kurekodi.

Niligundua baada ya matanga, nilipoitafuta ili nimsikie mama. Nilipomuuliza kaka, hakuona hata haya.

"Si zilikuwa kelele tu?" akasema. "Sasa ina mama."

Nilitamani kumpiga. Bado natamani, na sioni sababu ya kuficha. Nilimweleza kilichokuwa humo, akasema angejuaje, kwani hakuwahi kuisikiliza. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Nilirudi kibandani nikachomeka waya zote upya. Kisanduku kilitetemesha vizuri kama zamani, ila hapakuwa na sauti ya kutetemesha.

Kivuko kilipoanza tena, kaseti ilikwenda Mahenge, ikaliliwa huko, ikarudi. Kila mwaka, tukitoka kwenye misa ya kumwombea mama, kaka huiweka nyumbani watu wote wasikie. Kwaya inaimba, padri anataja jina lake, wanawake wanaanza kulia. Mama mwenyewe humo hasemi hata neno moja. Mimi hulia kuliko wote, na kaka hunishika bega, akidhani tunalia msiba mmoja.