Jiwe Moja na Mahali pa Kusongea Bugali

Mimi hukata mawe ya meza za jikoni, makao yangu Butembo, na sipendi kuharakishwa. Kabla mashine haijawaka, nakata makatoni ya sabuni kwa kipimo cha kila kipande cha meza, nayalaza juu ya jiwe, nayageuza huku na huku mpaka yakae. Fundi cherehani akikosea anaweka kiraka. Mimi nikikosea nimetengeneza kokoto.

Mwaka jana nilikwenda mpaka Beni, mtaa wa Beu, kwa mama mmoja mfanyabiashara. Alikuwa amemaliza nyumba, na jiwe lake amelinunua mwenyewe Kampala: kubwa, jeusi, lenye mstari mweupe unaokatiza toka ncha hadi ncha. Lilikuwa moja tu, na kona yake moja ilikuwa na ufa, haifai kitu. Mama yake mzee alifika kutoka Luofu siku tatu kabla yangu, na huyu binti yake, mwenye nyumba, alitaka abaki moja kwa moja.

Aliniambia pembeni, akinionyesha jiko, “Fundi, cuisine ikuwe muzuri sana. Mama akiiona, asiwaze tena kurudia Luofu.”

Asubuhi nzima nilihangaika na makatoni na chaki. Nilitaka mstari mweupe upite kwenye meza ndefu, ugeuke kwenye kona bila kukatika, uendelee kwenye meza fupi. Nikaupata! Hakuna kilichobaki ila ile kona yenye ufa. Nilijipongeza kimoyomoyo, na uso wangu nadhani ulionyesha.

Bibi, yule mama yake mzee, alikuwa kwenye kigoda mlangoni, ananitazama.

“Na bugali nitasongea wapi?”

Nikampigia mstari wa chaki ukutani, usawa wa kiuno. “Hapa, bibi. Kusimama.”

Alicheka mpaka akajishika mbavu. “Kusimama? Na miguu itashika sufuria namna gani?”

Kwetu bugali la muhogo likianza kukaza, unaepua sufuria, unakaa chini, unaibana kwa miguu iliyofungwa kitambaa, kisha unasonga kwa mikono miwili. Nimekula bugali hilo tangu utoto. Na miaka yote hiyo ya kukata mawe sijawahi kuuliza linasongewa wapi, maana kwenye nyumba za fahari linasongewa uani, na jiwe linabaki la kuonyesha wageni. Nilipaswa kuona haya. Badala yake nilikasirika.

“Bibi, plan imeisha kuisha!”

“Lakini mama,” binti akasema polepole, “inje iko jiko ingine.”

“Kama ni kukaa inje, inje ya Luofu inanitosha.”

Binti akageukia dirisha. Nilimwona anafuta macho kwa ncha ya kitenge, na hasira yangu yote ikaniishia. Nikachukua kitambaa chenye maji, nikafuta chaki yangu yote.

Nilianza upya. Ili kupata kipande cha chini, kipana cha kutosha jiko la makaa, sufuria na miguu ya bibi, ilibidi meza ndefu ifupishwe, katoni lake lisogee juu ya jiwe, na mstari mweupe ukatike pale kona. Nilimwambia binti wazi. Jiwe hilo alilichagua kwa ajili ya mstari huo. Aliupitishia kidole.

“Kata,” akasema.

Nikakata. Kipande cha chini nilikijengea karibu na mlango, kimeinuka kiasi cha kiganja tu kutoka sakafuni. Siku nilipomaliza, bibi alikaa hapo na kigoda chake, akabana sufuria, akasonga huku jasho linamtoka na mdomo haupumziki. Meza yangu ya juu hakuitazama hata mara moja. Tulikula palepale chini, sisi watatu, na donge la kwanza alinipa mimi.

Kisha akamgeukia binti yake, kana kwamba ni neno dogo.

“Mbuzi yangu niliacha kwa jirani kule Luofu. Tuma mutu aiuze.”

Binti aliruka kutafuta simu, vidole bado vina bugali.