Kiswahili Kilichorudi kutoka Nara

Binti yangu alinijibu kwa Kiswahili, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, tukiwa Nara kule Japani, mbele ya paa aliyekuwa akiinamisha kichwa ili apewe biskuti. Nilikuwa nimemuuliza kama amechoka, nikisubiri jibu la Kiswidi kama kawaida. Akasema, "Niko muzuri, mama. Ni kichwa tu inaniluma kidogo." Nilicheka kwa sauti hadi watalii wakageuka. Yule paa alikwapua biskuti zote mkononi mwangu, akatafuna na karatasi yake. Damu ilikuwa imeshaanza kujikusanya chini ya fuvu la mwanangu, na mimi nilikuwa nimesimama pale nacheka.

Ili mtu aelewe kicheko hicho, lazima ajue tulikotoka. Niliondoka Bukavu, kule Kongo, kwa kukimbia vita, nikamwacha binti yangu kwa mama yangu angali ananyonya. Alipofika Stockholm kuungana nami alikuwa na miaka mitano na mdomo usiofungika, akiongea Kiswahili cha koko wake, maana ndivyo tunavyomwita bibi kwetu. Mwaka mmoja wa chekechea ya Hallunda, mtaa wetu, ulitosha kukifuta. Nikimwita kwa Kiswahili, anaitika kwa Kiswidi. Nikimgombeza kwa Kiswahili, anajitetea kwa Kiswidi. Kuelewa anaelewa, hasa habari za chakula, lakini mdomoni hakitoki kitu. Wenzangu kanisani walikuwa na watoto wa aina hiyo hiyo, tukawa tunataniana kwamba tumezaa Waswidi. Nilicheka nao, lakini iliniuma. Yule mtoto niliyemlilia miaka yote ile alikuwa amenifikia uwanja wa ndege, halafu nikampoteza tena sebuleni kwangu.

Judo ndiyo iliyotuweka karibu. Alijiunga na klabu moja ya Rissne, na kutoka Hallunda ni safari ya kupanda treni ya njia nyekundu, kushuka katikati ya mji, kisha kupanda ya bluu. Nilikuwa namsindikiza, nakaa kwenye benchi karibu na mlango napigwa na baridi. Siku moja mwalimu wao, mwanamke wa Kiswidi mwenye masikio yaliyovimba kama maandazi, akaniambia kama nitaendelea kukaa pale basi nivue viatu niingie. Nikavua. Umri wangu ulikuwa umepita arobaini, kazi yangu kuwaogesha na kuwalisha wazee majumbani mwao, na mgongo ulishaanza kunisema. Kitu cha kwanza tulichofundishwa hakikuwa kumwangusha mtu. Tulifundishwa kuanguka. Kidevu kifuani, mkono upige tatami, yaani mkeka wa judo, kichwa kisiguse chini kamwe. Tulirudia hayo mpaka nikawa nayaota. Dada yangu anayeishi Farsta alipoona picha yetu, sote tumevaa nguo nyeupe na tumelala chali kwa safu, alisema tunafanana na watu waliokwisha kuvishwa sanda. Nilimwambia aniondolee uchuro wake.

Binti yangu alipofikisha miaka kumi na minne, klabu ilipanga safari ya mazoezi Japani wakati wa likizo ya kiangazi. Tulikwenda wote wawili, yeye kufanya mazoezi, mimi kufanya mazoezi kidogo na kushangaa sana. Nilishangaa vyoo vyenye joto. Nilishangaa kwamba kabla ya kushikana kola, kila mtu, hata bingwa, anachukua kitambaa na kufuta sakafu akiwa amepiga magoti. Asubuhi tulikuwa kwenye tatami, mchana tulitembezwa kwenye mahekalu. Joto lilikuwa la kunata, na wadudu kwenye miti walipiga kelele kutwa nzima bila kupumzika. Kelele hizo sikuzipenda tangu siku ya kwanza.

Wasichana wa pale hawakuwa na maneno. Walikuinamia, wakakushika, wakakuangusha, wakakuinamia tena. Siku moja kabla ya Nara, binti yangu alipangiwa msichana mdogo kuliko yeye, na kwa muda mrefu kazi yake ikawa kuanguka na kuinuka. Nilimwona amechoka. Kidevu kilikuwa kimeanza kuinuka. Mwishowe yule msichana alimfagia mguu kwa nyuma, binti yangu akaenda chali. Mkono wake ulipiga tatami, lakini ulichelewa. Kabla yake nilisikia mlio mwingine, mfupi na mzito, wa kisogo kikigonga.

Aliinuka mwenyewe. Aliinama kama inavyotakiwa. Mwalimu wa pale, mzee mkavu asiyecheka, alimtazama machoni kwa muda, akamkalisha ukutani na kumkataza kurudi uwanjani siku ile. Mwalimu wetu wa Rissne alimhoji jioni, naye binti yangu akamjibu kwa Kiswidi kilichonyooka, hata akamtania. Hakutapika, hakuyumba. Tulilala. Asubuhi tukaenda Nara kuona paa.

Kuanzia pale Kiswahili kilifunguka. Kyoto, tukipanda mlima chini ya yale malango mekundu yaliyopangana mpaka huoni mbele, alinisimulia kuku wa koko aliyetagia ndani ya kofia ya mchungaji. Nilikuwa sijawahi kuisikia hadithi hiyo. Nilimshika mkono, naye akaniacha nimshike, mtoto wa miaka kumi na minne! Kwenye treni ya kurudi hotelini aliegemea bega langu akaniuliza, "Koko atakula nini leo?" Mama yangu alikuwa amefariki, na binti yangu alijua, tulilia naye jikoni Hallunda. Nikajiambia ni hamu tu, ni hamu ya bibi yake, na nikampapasa kichwa. Nilimpapasa pale pale.

Tuliporudi Stockholm akawa mtu wa kulala. Kila aliyeniuliza nilimwambia saa za Japani hazijamtoka, na kila mtu alikubali, kwa sababu hata mimi nilikuwa naamka alfajiri natafuta chai. Habari za Kiswahili chake zilienea kanisani. Dada yangu alikuja kutoka Farsta na sufuria ya wali, wengine wakaja na soda, wakakaa sebuleni kumsikiliza kama watu waliokuja kuona mtoto mchanga. Naye akawapa. Aliwaita mama fulani na mama fulani kwa heshima zote, akaomba maji, akasema aksanti. Wakapiga vigelegele.

Mmoja wao, Mkenya aliyeolewa na Mswidi, hakupiga. Alimtazama binti yangu, kisha akaniambia, "Lakini mbona anaongea ni kama ako na miaka mitano?"

Nilikasirika. "Kililala akiwa na miaka mitano," nikamjibu, "ulitaka kiamke na ndevu?"

Watu waliangua kicheko, na mimi nikajiona nimeshinda. Binti yangu aliinuka kwenda chumbani kulala. Kandambili ya mguu wa kulia ilibaki katikati ya zulia, naye akaendelea kutembea bila kujua kwamba imemvuka. Yule Mkenya aliitazama ile kandambili. Mimi pia niliitazama. Nilikwenda nikaiokota, nikaiweka mlangoni pa chumba chake, nikarudi kwa wageni.

Klabu ilipofungua tena, tulikwenda Rissne. Kwenye treni alisinzia njia nzima. Ukumbini mwalimu alimkumbatia, akamuuliza kwa Kiswidi kama kichwa kimepona na kama yuko tayari kwa shule wiki ijayo. Maswali ya kawaida kabisa. Binti yangu akamjibu kwa Kiswahili, kwa adabu, kwamba kichwa bado kinamwuma na kwamba shule yuko tayari. Mwalimu akatabasamu, akidhani ni utani wa safarini, akauliza tena. Akajibiwa tena kwa Kiswahili, maneno yale yale, polepole zaidi, kama mtu anayemsaidia mgeni.

Kisha akanigeukia. "Mama, huyu anataka nini? Nimeshamujibu."

Hapo ndipo nilipoelewa. Hakuwa amechagua kusema Kiswahili. Hakujua kwamba anakisema. Mtoto niliyedhani amerudi kwangu alikuwa anarudi nyuma, hatua kwa hatua, kuelekea mahali nisipoweza kumfuata. Mwalimu aliniuliza amesema nini. Nikamtafsiria. Alichukua simu kabla sijamaliza sentensi.

Kwa miaka yote yeye ndiye aliyekuwa mkalimani wangu, kwenye ofisi, kwa daktari wa meno, hata kwenye mikutano ya shule alipokuwa anashtakiwa yeye mwenyewe. Ndani ya gari la wagonjwa mimi nikawa mkalimani wake. Mhudumu aliuliza, nikamwambia kwa Kiswahili, akanijibu, nikarudisha kwa Kiswidi changu kibovu. Leo ni siku gani? Hajui. Yuko wapi? Kwa koko. Inua mkono wa kulia. Uliinuka kidogo, ukaanguka. Alitapika, akaomba msamaha kwa kunichafua nguo. Nje, watu walikuwa wanatoka madukani na mifuko yao, na gari letu likawapita likilia.

Walimpiga picha ya kichwa. Daktari kijana mwenye macho mekundu alinionyesha, upande wa kushoto, ukanda mweusi kati ya mfupa na ubongo. Alisema damu ilivuja taratibu, sasa inabana, lazima watoboe fuvu waitoe mara moja. Nilimuuliza kama ataishi. Alisema watafanya kila wawezalo, na mimi nimewahi kukaa na wafiwa wa kutosha kujua jibu hilo ni la aina gani.

Tulipokuwa tunasubiri kitanda kisukumwe, alifungua macho. "Mama," akasema, "koko iko pale mulangoni."

Kwetu kila mtu anajua maana ya mgonjwa kumwona marehemu mlangoni. Niligeuka. Palikuwa na mlango, na nuru ya korido. Sioni haya kueleza nilichofanya. Nilisimama kati ya kitanda na mlango, nikamwambia mama yangu kwa sauti, mbele ya wauguzi wawili, "Mama, ulimlea, aksanti. Sasa nenda zako. Huyu ni wangu." Mama yangu hakuwahi kusikia neno kali kutoka kwangu alipokuwa hai. Niliendelea kusimama pale, mikono nimeitanua, mpaka walipokuja kumchukua.

Aliishi. Alipozinduka, kichwa kimefungwa bendeji, alisema kwa Kiswidi kwamba ana kiu, na kwamba ninamkanyagia mpira wa dripu. Nikalia mpaka muuguzi akanitoa nje. Safari haikumbuki vizuri. Paa anawakumbuka, malango mekundu hayakumbuki, kuku wa koko hajui ninazungumzia nini. Nilimuuliza daktari kilitoka wapi Kiswahili kile na kimekwenda wapi. Alisema ubongo unaobanwa wakati mwingine hushika kilichotangulia, lakini kwa kweli hata yeye hakuwa na hakika. Judo hatacheza tena. Nguo zake nimezikunja juu ya kabati, zangu nimezigawa.

Ilikuwa Novemba, giza linaingia kabla sijamaliza zamu yangu. Nilipika sombe, ile mboga yetu ya majani ya muhogo, na bugali, tukakaa mezani wawili. Alikuwa ananiangalia kwa namna fulani, akitabasamu chini chini, akijiandaa. Akaweka kijiko chini.

"Mama," akasema, "chakula hiki ni kitamu sana. Asante kwa kunipikia."

Sikumbuki nilivyoinuka. Nilikuwa nimemshika kidevu, nimemgeuzia uso kwenye taa, natazama macho yake kama yamelingana. Nilimwambia ainue mkono wa kulia. Nilimuuliza leo ni siku gani. Alikuwa anajaribu kunieleza kitu kwa Kiswidi, kwa haraka: alikuwa amejiandikisha tangu mwezi uliopita kwa mwalimu wa Kiswahili pale shuleni, Mtanzania mmoja, na alitaka nisijue mpaka aweze sentensi nzima. Walimwambia kanisani jinsi nilivyofurahi. Alitaka nifurahi tena.

Nilimsikia. Nilielewa kila neno. Bado vidole vyangu vilikataa kuachia kidevu chake, na nikasikia sauti yangu ikimwomba asiniambie hivyo tena, aniambie kwa Kiswidi.

Aliutoa mkono wangu kidevuni. Kisha akaniambia kwa Kiswidi kwamba chakula ni kitamu, akachukua kijiko, akaendelea kula.