Mrefu kwa Twiga, Mfupi kwa Chui

Mama alitangaza mapema, tukiwa bado kwenye metro, begi kalibana katikati ya miguu: "Mimi naenda hotelini. Nyie mnaotaka kupindukapinduka, mtapinduka wenyewe."

Ilikuwa safari ya bure, au tuseme karibu na bure. Laoban, yaani bosi, wa kiwanda cha mikoba kule Shiling, ambaye Mama humwagizia mzigo wa duka letu la Mwanza, alimzawadia vocha ya hoteli moja kubwa iliyo ndani ya bustani ya michezo, kusini mwa Guangzhou. Chumba kimoja, kulala siku mbili, watu wazima wawili, na kuingia bustanini. Mimi ni mwanafunzi wa sekondari lakini kwenye vocha nilihesabika mtu mzima, jambo ambalo nimemkumbusha Mama mara nyingi tangu siku ile, hasa ninapokatazwa kitu. Baba alikuwa Mwanza analinda duka; sisi watatu ndio tunaoishi Guangzhou. Mdogo wangu, wa kike, mwenye miaka saba, hakuwemo kwenye vocha. Watoto huku mara nyingi hawaulizwi miaka, wanapimwa urefu.

Na mdogo wangu alikuwa na shida moja tu duniani: treni ya kupinduka. Ile inayopanda juu polepole kama mzee anapanda ngazi, halafu inadondoka watu wakilia. Darasani kwao, shule ya Kichina, kila mtoto alishaipanda au alisema ameipanda. Jirani yake wa dawati alimwambia kule juu kabisa unauona mji mzima. Mdogo wangu alitaka kujua kama ghorofa yetu inaonekana, na kama nguo tunazoanika barazani zinaonekana, maana kama zinaonekana basi Mama aache kuanika zile kubwa za rangi ya zambarau.

Hotelini tulipofika, nilianza uchunguzi wangu. Nilitaka kujua watu hawa wote wamefuata nini, bustani au hoteli, kwa sababu kwa macho yangu nusu yao hawakuwa na mpango wa kutoka nje. Uani kuna ndege wa rangi ya waridi, miguu mirefu, wamesimama majini, na mabibi wa Kichina walikuwa wamejipanga mbele yao na chupa zao za chai tangu mchana. Nilimuuliza mmoja kama ameshaingia bustanini. Akasema anakuja hapa kila mwaka na wajukuu, na bustani hajawahi kuiona. "Wao wanakimbia, mimi napoa," akasema, akanimiminia chai kwenye kifuniko.

Mama alimpenda bibi yule bila hata kumsikia vizuri. "Unaona? Mtu mwenye akili."

"Mama, kuna wanyama."

"Wanyama? Mimi nimekulia Bunda. Tembo wamekula mahindi ya bibi yenu msimu mzima, na hatukuwatoza hata shilingi. Leo nipange foleni kuwaangalia?"

Chumbani alilala kwenye kitanda akiwa na viatu. Halafu akaamka, akapapasa shuka kwa vidole viwili, akageuza slipa za hoteli kutazama soli, akanusa sabuni. Mama hawezi kukaa karibu na kitu bila kukiuliza bei kimoyomoyo. Ila alipoliona beseni la kuogea, refu kama mtumbwi, bei aliisahau. Nyumbani tuna bomba na ndoo.

Kabla ya kulala alinipa kazi. Alikuwa ameshapeleleza: mlangoni mwa chumba cha kifungua kinywa amesimama twiga wa mbao, na shingoni ana mstari mwekundu. Mtoto aliye chini ya mstari anakula bure. Aliye juu analipa kama mtu. Mdogo wangu alikuwa hapo hapo, kwenye mstari.

"Msuke twende kilioni," Mama akaniagiza. "Ilale kabisa. Iwe kama hana nywele."

"Mimi naenda kwenye treni!" mdogo wangu akaruka. "Siendi kilioni!"

Na hapo ndipo shida ilipokuwa. Kwenye treni ya kupinduka amesimama chui wa mbao, kainua mkono, na mtoto asiyefikia mkono ule hapandi. Mkono wa chui na mstari wa twiga vilikuwa urefu uleule. Yaani hoteli ilimtaka mfupi, bustani ilimtaka mrefu, na kichwa ni kimoja.

Nikamsuka kama nilivyoagizwa. Mistari imelala, safi, hata ungeteleza juu yake.

Asubuhi Mama akajifungia na beseni lake. Tukamsikia anaimba nyimbo za kwaya, anaongeza maji, anaimba tena. Mdogo wangu akaja na kitana.

"Dada. Fumua."

"Subiri tukishakula. Ukifika kwa chui nitakufumua."

"Hapana. Leo mimi ni mrefu siku nzima."

Sasa mimi nifanye nini? Mtu amesema maneno kama hayo, na mimi napenda kuona mambo yanaishia wapi. Nikafumua, nikachana, nikabana mabonge mawili juu ya kichwa, manene, yamesimama kama masikio ya dubu. Nikamfunika kofia ya koti. Mama akatoka bafuni ananukia maua, mwepesi, hakuona kitu.

Kwa twiga, mdogo wangu alivua kofia mwenyewe.

Mama akaniangalia. Nikaangalia dari, ambayo kwa kweli ilikuwa nzuri.

Dada wa mlangoni, mpole sana, aliinama kupima. Huku nywele zetu ni kama mali ya umma, kila anayepita anataka kuzigusa, lakini huyu nadhani alishaonywa asiwaguse wageni. Akapima kutoka juu ya mabonge bila kuyasogelea. Mstari ulikuwa mbali chini. "Analipa," akasema, akatabasamu.

"Tai gui," Mama akasema, ghali mno, kama anavyosema kwa kila kitu, hata kabla ya kuambiwa bei. Nyuma yetu foleni ikarefuka. Akalipa, akapewa risiti, akaikunja akaiweka kwenye sidiria, mahali pa vitu muhimu. Mezani hakunisemesha. Alichosema alimwambia mdogo wangu: "Umelipiwa. Utakula mpaka hiyo risiti iishe."

Kisha, kwa hasira au kwa kutaka hela yake ifanye kazi, akatangaza kwamba anakuja na sisi bustanini.

Mdogo wangu alipanga foleni ya treni bila kulalamika, jambo ambalo sijawahi kuliona. Alipofika kwa chui alisimama wima, kidevu juu, pumzi kaibana. Mhudumu, kijana mwenye chunusi kama zangu, hakuwa mpole wala mkali. Alichukua kibao, akakiweka juu ya mabonge, akabonyeza. Mabonge yakalala. Kati ya kichwa na mkono wa chui pakabaki nafasi ya kidole.

"Bu xing," akasema. Haiwezekani.

Sokoni Guangyuan Xilu neno hilo Mama hulichukulia kama salamu. Akasogea mbele, akatoa risiti kule ilikolala, akaifungua mbele ya uso wa kijana. Kichina cha Mama ni cha jumla: bei, rangi, saizi na kukataa. Mimi ningeweza kumtafsiria, lakini nisingekosa hii kwa chochote.

"Asubuhi," Mama akaanza, kwa Kichina chake, "twiga sema kubwa. Mimi toa hela. Sasa, chui sema ndogo. Mtoto moja! Saizi ngapi?"

Kijana akasoma risiti. Akamsoma Mama. Akaita bosi wake.

Bosi alikuwa mama mtu mzima mwenye redio ya mkononi, na yeye alipima tena kwa kibao chake. Kidole kilekile. Akaniambia mimi, polepole, nimweleze mzazi wangu: mkanda wa kile kiti unashika mabega. Haushiki nywele.

Nikatafsiri. Nilitegemea Mama aanze upya. Hakuanza. Alimtazama mdogo wangu mabegani, kama mtu aliyeonyeshwa mshono mbovu kwenye mzigo wake mwenyewe, akakunja risiti.

"Basi hela ya twiga irudi," akasema, ila taratibu.

Bosi akaongea na redio. Hela itarudi, tukaambiwa, na kesho mtoto ale bure. Mama alikuwa ameshinda. Akamshika mdogo wangu mkono. "Twende hotelini, mama. Kuna beseni. Nitakujazia mapovu."

"Mimi sikuja hotelini," mdogo wangu akasema.

Hakulia. Ningejua la kufanya kama angelia, ningemfanyia sura ya mwalimu wetu wa hesabu. Alikaa tu pale chini kwa chui, mabonge yamebonyea, moja limeelekea Beijing.

Halafu akainua kichwa. "Mama, si unasemaga mtu asiagize mzigo kabla haujaonwa kwa macho?"

"Ndiyo."

"Basi nenda wewe ukanionee."

Mama akacheka. Mdogo wangu hakucheka. "Dada yako ataenda," Mama akasema.

"Dada atanidanganya. Atasema ameiona Mwanza."

Ni kweli ningesema hivyo. Nilikuwa nimeshaiandaa.

Mama alitazama treni ikidondoka na watu wake. Akanikabidhi mkoba, miwani na hereni. Akakaza kilemba. Alipopita kwa chui aliinamisha kichwa kidogo, sijui kwa nini, mwanamke mzima. Tulimwona anafungwa mkanda, anajipiga ishara ya msalaba, anaondoka. Na tulimsikia. Naapa, katika kelele zote zile, sauti ya mama yangu ilijulikana, ni ileile inayosimamisha wapakiaji mizigo Guangyuan Xilu, sasa ikimwita Yesu kwa jina kila kona.

Alirudi anashika ukuta. Kilemba kilikuwa shingoni.

"Nyumba yetu inaonekana?" mdogo wangu akauliza.

Mama akafungua mdomo. Ikatoka sauti kama ya mlango. "Nilifumba macho."

Mdogo wangu akaweka mikono kiunoni. "Sasa hiyo sampuli gani?"

Jioni ile Mama aliongea kwa mikono, sauti aliiacha kwenye treni. Tulikaa uani na mabibi wa chai, ndege wa waridi mbele yetu, na ilikuwa jioni ya raha kupita zote za safari ile, nakiri, ingawa mimi nilikuwa upande wa bustani. Mdogo wangu alimweka Mama kilemba vizuri na kumweleza jinsi ya kutofumba macho mara nyingine.

Asubuhi alikataa kusukwa. Mabonge yakarudi. Kwa twiga alisimama wima kama jana kwa chui, kidevu juu, pumzi kaibana. Dada wa mlangoni alishapewa habari. Alinyoosha mkono, akaomba ruhusa kwa macho, ili abonyeze nywele na mtoto apite bure.

Mama aliuzuia ule mkono hewani. Akaushusha polepole. Akagusa koo lake, akatikisa kichwa, kwamba hana sauti, hawezi kubishana leo. Akafungua pochi, akalipa bei ya mtu.

Nikamwamini mpaka tulipofika kwa mpishi wa tambi.

"Yai mbili," Mama akamwambia, safi, sauti nzima, akimwelekeza kwa kidole yule mwenye mabonge. "Huyu kubwa."